Chupi za hedhi zimeanza kuvuja na kunuka baada ya miezi 6, nizitupe?

Swali: Shikamoo dada. Nilinunua chupi za hedhi 3 miezi 6 iliyopita, mwanzoni nilizipenda mno nikaachana na pedi kabisa. Sasa hivi zinavuja pembeni na zina harufu hata zikiwa zimetoka kufuliwa. Na sio kwamba mi mchafu, naziloweka usiku kucha, asubuhi nazimwagia maji yaliyochemka, natia jiki kidogo, namalizia na ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia, zikikauka napiga pasi kuua vijidudu. Siku ya pili saa ingine hata masaa 2 hayafiki imeshalowa. Nizitupe? Au ndo zilivyo, ni za muda mfupi tu?

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka kidogo, unisamehe, mara ya pili nikakuonea huruma, maana hizo chupi hazijaharibiwa na damu, zimeharibiwa na usafi. Na sikucheki wewe, najicheka mwenyewe, chupi yangu ya kwanza ya hedhi niliipiga pasi ya moto kabisa nikajiona mjanja, mwezi uliofuata nikainuka kwenye kiti na sketi ya rangi ya maziwa, sitaki hata kukumalizia. Mimi nesi mkunga, kuua vijidudu ndo kazi niliyosomea, kumbe nguo hii haitaki kutunzwa kama mkasi wa hospitali.

Kabla sijakujibu utupe au usitupe ngoja nikwambie ndani ya ile sehemu nene ya katikati kuna nini, ukishaelewa hapo mengine yote utayaona mwenyewe. Juu, panapogusa mwili, kuna kitambaa chepesi ambacho kazi yake ni kupitisha tu, damu ikidondoka ishuke chini haraka ubaki mkavu. Chini yake ndo kuna kitambaa cha kunyonya, inaweza kuwa pamba, inaweza kuwa nyuzi za mwanzi au zile nyuzi laini sana kama za taulo za kufutia vioo. Chini ya hapo kuna utando mwembamba wa poliuretani, ni jamii ya plastiki, umebandikwa kwenye kitambaa kwa gundi au kwa joto, huo ndo unaozuia damu isitoke nje. Afu mwisho kitambaa cha nje unachokiona. Kwahiyo una kitu kinachopitisha, kinachonyonya na kinachozuia, kila kimoja kina adui yake, na wewe mdogo wangu umewaita maadui wote kwa pamoja.

Tuanze na maji yaliyochemka. Damu ina protini nyingi, na protini ikipata moto inaganda, we fikiria yai, ukishalichemsha hata ufanyeje halirudi kuwa ute. Ukimwagia chupi yenye damu maji ya moto unakuwa umeipika ile damu ndani ya nyuzi, doa linakaa na harufu inakaa nalo, ndo maana unafua unarudia unafua na bado inanuka. Hapo hapo moto unalegeza ule utando, unaanza kubanduka kidogo kidogo, unatengeneza mapovu na mikunjo. Pasi inamalizia kazi. Ukiigeuza chupi ukaishika ile sehemu nene ukahisi kama kuna ngozi imeachana na nyama, inateleza au inafanya vimikunjo vidogo vidogo, ujue utando umeshaachia.

Jiki kazi yake ni kula rangi, lakini inakula na zile nyuzi za kuvutika zinazofanya chupi ikubane kiunoni na mapajani. Chupi ya kawaida ikilegea unavaa tu maisha yanaenda, ila ya hedhi ikilegea mapajani panabaki uwazi, na damu haina haja ya kulowesha kitambaa chote, inapita pale pale pembeni inaondoka. Hii nadhani ndo sehemu ya kwanza ya kuvuja kwako. Na kwa kuwa nimeitaja, usije ukachanganya jiki na siki hata siku moja, watu wanashauriana sana siki kuondoa harufu, hizo mbili zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu, na wewe umeinamia beseni bafuni dirisha limefungwa.

Sasa ile dawa ya kulainisha nguo. Watu wengi hawaiwazii kabisa maana inanukia vizuri na haina ukali wowote, lakini kwangu mimi ndo mharibifu mkubwa kuliko hata jiki. Ulaini unaousikia ukishika nguo ni kwamba nyuzi zimepakwa kitu kama mafuta. Kwenye shuka sawa, kwenye kitambaa ambacho kazi yake yote duniani ni kunyonya ni balaa, damu inafika juu inakuta mafuta, haizami, inatambaa kwenda pembeni inatafuta pa kutokea. Yaani chupi inavuja wakati ndani bado pakavu! Na ule utando wa mafuta unanasa mabaki ya damu na sabuni, bakteria wanapata pa kukaa, wewe unasikia harufu unaongeza dawa ya kunukia, mafuta yanazidi, duara linazunguka tu.

Na kuloweka usiku kucha, najua umefundishwa hivyo na wengi wetu tumefundishwa hivyo, ila maji yenye damu yaliyokaa masaa 8 kwenye joto la kawaida ni chakula cha bakteria. Unakuwa unawafuga. Dakika 20 au 30 kwenye maji ya baridi zinatosha.

Haya, nizitupe? Sijui bado na wewe hujui bado, ila kuna jaribio la dakika 5. Chukua chupi ikiwa kavu, iweke juu ya taulo jeupe au tishu, upande wa ndani wa sehemu nene utazame juu, mwagia kijiko kimoja cha chai cha maji ya kawaida taratibu pale katikati. Angalia maji yanafanya nini. Yakisimama juu kama matone ya umande kwenye jani, yanateleza teleza hayazami, basi ni mafuta ya ile dawa au sabuni iliyoganda, na hiyo inatibika. Yakizama vizuri, subiri dakika 2 afu ikandamize kwa kiganja kwa nguvu kama vile umeikalia, inua uangalie taulo. Unyevu ukitokea chini utando umepasuka au umebanduka na hapo hamna fundi, hiyo haifai tena kutegemewa. Ikiwa maji yamezama na chini pakavu kabisa, chupi ni nzima, tatizo ni mpira wa mapajani au saizi au wingi wa damu yako, nitalirudia hili la wingi maana kuna kitu umekisema kwa kupita tu na mimi kimenishika kuliko vyote.

Fanya kwa zote 3, moja moja, zinaweza zisiwe sawa.

Ile yenye mafuta unaiokoa hivi. Maji ya uvuguvugu, sio zaidi ya nyuzi 40, yaani ukitia mkono usikie vuguvugu tu usishtuke. Sabuni ya kawaida ya kufulia isiyo na dawa ya kulainisha ndani yake, kama ni ya unga iyeyushe kwanza, ongeza matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo maana ile imetengenezwa kukata mafuta. Ikandekande ile sehemu nene kama unakanda sifongo, usisugue kwa brashi. Halafu suuza, na hapa usione uvivu, suuza mpaka ukiikandamiza ndani ya maji safi lisitoke povu hata kidogo, utashangaa lilivyo jingi. Rudia mara 2 au 3 kwa siku tofauti, ikikauka rudia jaribio la kijiko. Ikianza kunywa maji, imepona. Kama kuna doa lililopikika, peroksaidi ya asilimia 3 ile ya dukani kwa madawa unaweza kudondoshea kidogo, itatoa povu, ndo inavyofanya ikikutana na damu, suuza baada ya dakika chache, ila inaweza kufifisha rangi kwahiyo jaribu kwenye pindo kwanza. Na doa lisilonuka sio uchafu, wala usijitese nalo.

Kuanzia sasa utaratibu wako uwe mwepesi kuliko huo wa mwanzo, ndo raha ya jibu langu, nakupunguzia kazi. Ukivua tu, maji ya baridi yanayotiririka, au kwenye beseni ukibadilisha maji, kandamiza mpaka yatoke karibu masafi, yakibaki na rangi ya chai hafifu inatosha. Ukioga unaweza kuifanya hapo hapo miguuni. Kisha sabuni laini isiyo na manukato makali, ya kipande au ya maji zote sawa, au itupie kwenye mashine na nguo zako zingine ukishaisuuza, mzunguko wa nguo laini, nyuzi 30 au 40, ukiwa na kile kimfuko cha wavu ni vizuri zaidi. Sabuni zenye vimeng'enya vya kuvunja protini zinasaidia sana kwenye damu, isipokuwa kama chupi yako tabaka la juu ni sufu, yaani manyoya ya kondoo, vile vimeng'enya vinakula sufu pia, soma lebo. Usiikamue kwa kuizungusha kama unakamua tambara la deki, kule kujipinda kunauvuta utando mpaka unaachia, we izungushie taulo kavu uikandamize, taulo litakunywa maji mengi tu.

Kukausha ndo wengi wanapoanguka. Igeuze ndani nje. Sababu ni kwamba ule utando unapitisha hewa kwa shida, maji yaliyomo kwenye kitambaa cha kunyonya yana mlango mmoja mkubwa wa kutokea, upande wa ndani, ukianika upande wa nje ndo uko hewani unaweza kukuta kiuno kikavu, mapaja makavu, katikati bado kubichi baada ya siku nzima. Jua ni zuri, linakausha haraka na mionzi yake inapunguza vijidudu, hiyo ndo pasi yako ya bure, ila ikishakauka itoe, usiache chupi inaungua kutwa nzima wiki nzima. Draya hapana. Juu ya jiko au hita hapana. Ukitaka kujua imekauka usiishike kwa vidole, vidole vinadanganya, iweke shavuni, ukisikia ubaridi bado mbichi.

Na usiifiche, tafadhali. Najua wengi mnaishi na watu, mnaona aibu, inaanikwa chini ya godoro, nyuma ya kabati, chini ya shati zito. Kitambaa kinene chenye unyevu gizani kinaota ukungu, na ukikivaa hivyo kwa siku 5 mfululizo muwasho na fangasi visikushangaze. Hizi chupi zikiwa kwenye kamba hakuna anayejua ni za nini, zinafanana na chupi zingine tu, nyingi nyeusi. Kama aibu bado ipo weka kitambaa kimoja chepesi juu yake, chepesi kweli, hewa ipite.

Ukiwa nje ya nyumbani na umelazimika kubadilisha, ikunje damu ikae ndani, tia kwenye kimfuko kisichopitisha maji, ukifika nyumbani itoe siku hiyo hiyo. Ukiwa safarini na huna pa kufua, ni bora uisuuze kidogo uiache ikauke hewani hata kama haijafuliwa kuliko kuiacha mbichi kwenye mfuko umefungwa. Iliyokauka inangoja. Mbichi inaoza.

Masaa mangapi? Makampuni mengi yanaandika hadi 12, mimi nasema usiangalie saa, angalia chupi, siku nyepesi unaweza kufika hapo bila shida, siku nzito ukianza kuhisi unyevu juu umeshachelewa. Usiku kuna za nyuma ndefu, ndo uvae hizo ukilala maana ukilala chali damu inaelekea mgongoni, inakwepa pale katikati. Na hofu ya ule ugonjwa wa sumu ya bakteria unaohusishwa na tamponi ni ya vitu vinavyoingia ndani ukeni, chupi inakaa nje, hofu yako iwe muwasho na unyevu tu.

Sasa ile sentensi yako. "Siku ya pili saa ingine hata masaa 2 hayafiki imeshalowa."

Ile ya kuvuja pembeni nimeshakujibu, huenda ni jiki na ile dawa ya kulainisha. Ila hapa umesema imelowa. Hebu tupige hesabu ya kawaida. Hedhi nzima ya mwanamke, siku zote kwa pamoja, kwa wastani ni kama mililita 30 hadi 40 za damu, vijiko viwili na nusu vya chakula hivi, inaonekana nyingi kwasababu haiji damu tupu, inakuja na ute na vipande vya ukuta wa kizazi. Ikipita 80 kwa mwezi sisi tunaiita hedhi nzito. Chupi ya siku nyepesi inabeba labda mililita 5 mpaka 10, ya siku nzito 20 na kuendelea, kila kampuni inapima kivyake na wanapima ikiwa imetulia mezani, sio umeikalia unacheka, kwahiyo usiamini ile namba asilimia mia. Kama ulizonazo ni za siku nyepesi na unazivaa siku ya pili basi huenda ni hilo tu, angalia kwenye lebo au kwenye boksi lake. Ila kama ni za siku nzito na zinajaa kwa masaa 2 mara kwa mara, tatizo sio chupi.

Chupi nyeusi ina ubaya huu mmoja ambao wauzaji hawausemi, inaficha. Pedi nyeupe inakuonyesha, unaona wingi, unaona rangi, unaona bonge. Kwenye nyeusi unakuja kushtukia mwezi wa sita. Kwahiyo mwezi ujao siku za mwanzo rudia pedi au kikombe cha hedhi chenye alama za mililita, mwezi mmoja tu, uhesabu. Ukijaza pedi ndani ya saa 1 au 2 kwa masaa kadhaa mfululizo, ukiona mabonge makubwa kuliko sentimita 2 na nusu, ukizidi siku 7, au unachoka bila sababu, unaishiwa pumzi ukipanda ngazi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, nenda hospitali. Huko mwambie daktari kama uliwekewa kitanzi cha shaba karibuni, maana kinaweza kuongeza damu, na muulize kuhusu uvimbe kwenye kizazi, homoni, tezi ya shingo, na kama tangu ulipovunja ungo umekuwa hivi au ukijikata damu inachelewa kukata muulize na matatizo ya kuganda kwa damu, hayo husahaulika sana. Omba upimwe wingi wa damu na akiba ya madini chuma, vyote viwili, kwasababu akiba inaweza kuwa imeisha wakati wingi wa damu bado unaonekana mzuri. Kwa mwanamke asiye na mimba, himoglobini, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Na ikitokea unajaza kila saa na unahisi kuzimia usisubiri mwezi ujao wala jibu langu, nenda siku hiyo hiyo.

Ukija kununua zingine, tuseme mbili zimefeli jaribio, nunua saizi inayokushika mapajani bila kukukata, pima nyonga sio kiuno, na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, pengo ndo linalovujisha. Zifue mara moja au mbili kabla ya kuvaa, mpya huwa hazinyonyi vizuri. Tatu hazitoshi kama huna pedi ya akiba, 5 hadi 7 ndo unapumua, unafua moja ingine inakauka bila presha. Zikitunzwa zinakaa miaka 2 na wengine wanafika zaidi, kwahiyo miezi 6 sio umri wake. Kwenye lebo kimbia maneno matamu ya kuzuia harufu kwa dawa maalum, kitambaa kikifuliwa vizuri hakihitaji. Kuna kundi la kemikali linaitwa PFAS, zinatumika kufanya vitu visishike maji wala mafuta, na haziozi kirahisi, mwaka 2023 iliripotiwa kwamba kampuni ya Thinx ya Marekani, inayotengeneza chupi za hedhi, imekubali kumaliza kesi ya wateja kuhusu hizo kemikali kwa kulipa hadi dola milioni 5, huku ikikana kosa. Sikutishi, natafuta tu yule anayeandika wazi kwamba hakuweka, na alama ya OEKO-TEX, ile ya vitambaa vilivyopimwa kemikali hatari, ikiwepo afadhali.

Na za kutumika za mtu mwingine hapana, hata dada yako, hata zimefuliwa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa siku 7 kwenye damu iliyokauka.

Kwahiyo leo usitupe kitu. Ficha hiyo pasi, tafuta kijiko na taulo jeupe, jaribu zote 3 uniandikie maji yalifanya nini kwa kila moja, na uniambie ni za siku nyepesi au nzito na kama una kitanzi. Ukienda kupima usiniletee jibu la "wamesema niko sawa", niandikie namba.